Fedha iliyozaa fedha: Argyrol na nguvu ya jina

Aliyesoma kemia sekondari ataikumbuka ile chupa ya kahawia iliyokaa kabatini nyuma ya kufuli. Mwalimu aliitoa siku moja tu kwa muhula, siku ya jaribio la kutambua kloridi. Unachukua maji ya chumvi kwenye neli, unadondosha tone moja kutoka kwenye chupa, na maji yanageuka meupe kama maziwa papo hapo. Tulionywa tusiyaguse yale ya kwenye chupa. Mimi yalinidondokea kidoleni. Niliyaona kama maji tu, nikajifuta kwenye sketi ya shule, nikaenda zangu uwanjani. Hadi jua linazama kidole kilikuwa na doa jeusi ambalo sabuni, ndimu wala mchanga havikuliondoa. Kwenye sketi kulikuwa na jingine. La kidoleni lilitoka baada ya siku nyingi, ngozi ilipobanduka yenyewe; la kwenye sketi lilibaki hadi namaliza kidato cha nne.

Kilichokuwa ndani ya chupa ni nitrati ya fedha. Ni fedha hii hii ya pete na vikuku vya masonara wa Lamu na Unguja, ila imeyeyushwa kwenye asidi ikawa chumvi. Ikigusa ngozi na kupigwa na mwanga, hurudi kuwa chembe ndogo za fedha tupu, nyeusi kwa udogo wake. Picha za zamani za filamu zilitoka kwa kanuni hiyo hiyo. Nalikumbuka doa lile kila ninaposoma habari za dawa iliyoitwa Argyrol, kwa sababu dawa ile ilikuwa jaribio la kuichukua chupa ya kabatini na kuifanya iweze kutiwa kwenye jicho la mtoto bila kumuunguza.

Argyrol haimo tena kwenye makabati ya hospitali. Lakini naamini inatufundisha kuhusu biashara ya dawa kuliko dawa nyingi zilizofanikiwa zaidi yake, kwa sababu mali iliyouzwa pale haikuwa fedha wala kemia peke yake. Ilikuwa neno.

Nianze na watoto. Katika karne ya 19, kwenye hospitali za uzazi za Ulaya, kichanga aliyepita kwenye njia ya mama mwenye kisonono aliweza kuanza kutoa usaha machoni siku chache baada ya kuzaliwa, na wengi waliishia upofu. Albert Neisser aliitambua bakteria yenyewe mwaka 1879. Mwaka uliofuata, daktari wa uzazi wa Leipzig, Carl Credé, alianza kudondosha tone moja la nitrati ya fedha ya asilimia 2 kwenye kila jicho la kila mtoto aliyezaliwa wodini kwake. Kabla ya hapo mtoto mmoja katika kila kumi hivi aliugua macho. Baada ya hapo wakashuka chini ya mmoja katika mia. Credé alitangaza matokeo yake mwaka 1881 na utaratibu ukaenea duniani. Ni mafanikio ambayo hayasifiwi vya kutosha: tone moja, bei ndogo, na watu wasiohesabika wakaona maisha yao yote.

Ila nitrati ya fedha ni kali. Wakemia wa kale waliiita jiwe la jehanamu, na hawakutia chumvi. Macho ya watoto yalivimba na kuwa mekundu kwa siku moja au mbili. Kwa watu wazima waliotibiwa kisonono kwa kuingizwa dawa ile kwenye njia ya mkojo, maumivu yalikuwa ya kupiga kelele. Hivyo wakemia wakaanza kutafuta namna ya kuifunga fedha ndani ya kitu kinachoitoa polepole, na kitu hicho kikawa protini. Mwaka 1897 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilitoa Protargol, kazi ya mkemia Arthur Eichengrün. Mwaka huo huo Benno Credé, mtoto wa yule daktari wa Leipzig, alileta Collargol. Uwanja ulikuwa tayari umejaa fedha.

Ndipo akaja Albert Barnes. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1872 katika familia ya kimaskini, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza mwaka 1892, kisha akaenda Ujerumani kuongeza elimu ya kemia. Alikuwa mwepesi kuona mahali ambapo maabara na soko vinakutana. Akashirikiana na mkemia Mjerumani, Hermann Hille, na mwaka 1902 wakafungua kampuni yao na kuingiza sokoni Argyrol. Hille alijua kupika. Barnes alijua kuuza. Hawakutangaza magazetini kwa umma. Waliwaendea madaktari moja kwa moja, wakawapa sampuli, wakakusanya barua zao za sifa, kisha wakazitumia barua hizo kuwashawishi madaktari wengine.

Hawakuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiige uvumbuzi wako, na kwangu mimi hapo ndipo ilipo akili ya biashara hii. Ukichukua hataza unalazimika kuandika hadharani jinsi kitu chako kinavyotengenezwa, na baada ya miaka kadhaa ulinzi unakwisha, kila mtu anaruhusiwa kukipika. Barnes na Hille waliificha njia ya kutengeneza, wakasajili jina tu kama alama ya biashara. Hataza huzeeka. Jina, maadamu linatumika na kutetewa mahakamani, halizeeki. Mshindani angeweza kutengeneza dawa inayofanana na ile kwa kila hali, lakini asingeweza kuiita Argyrol. Na daktari aliyezoea kuandika Argyrol kwenye cheti angeendelea kuandika Argyrol.

Litazameni neno lenyewe. Argyros ni fedha kwa Kigiriki, na lina undugu na argentum ya Kilatini iliyoipa jina nchi ya Argentina. Kiambishi -ol cha mwisho wakemia hukitumia kwa jamii ya alkoholi, lakini ndani ya Argyrol hamna alkoholi. Ni fedha na protini. Kimetiwa kwa sababu ndiyo ilikuwa mitindo ya wakati ule. Lysol ilikuwa tayari madukani. Protargol na Collargol zilikwisha kutangulia. Baadaye zikaja Dettol na Panadol, na hadi leo sikio letu likisikia -oli mwishoni linasikia hospitali. Kwa hiyo neno lilifanya kazi mbili kwa mpigo: lilimwambia aliyesoma kwamba humu mna fedha, na likamwambia asiyesoma kwamba humu mna sayansi. Yule wa pili, ambaye ndiye mgonjwa, hakuambiwa chochote kuhusu kinachoingia jichoni mwake.

Lau ingepewa jina la Kiswahili ingekuwa "dawa ya fedha", na bibi yeyote wa pwani angejua mara moja ni kitu gani, maana fedha ameivaa na fedha ameihesabu. Neno letu, tulilolipata kwa Waarabu, linabeba madini na pesa pamoja bila kujificha, na lina sababu: riale za Maria Theresa zilizotumika Zanzibar karne ya 19 zilikuwa ni madini yenyewe mkononi, uzito wake ndio thamani yake. Wafaransa nao wana neno moja kwa vyote viwili. Kwa Barnes mambo hayo mawili yalitenganishwa na neno la Kigiriki, kisha yakakutana tena benki.

Dawa ilikuja kama chembe zinazong'aa za kahawia iliyokolea karibu na weusi. Ziliyeyushwa kwenye maji, na maji yakawa rangi ya kahawa. Ilitiwa machoni, puani, kooni, kwenye njia ya mkojo. Shuka, mito na vidole vya wauguzi vilipata madoa. Lakini haikuwasha, na hiyo ndiyo sifa iliyowaleta wateja. Mama aliyeona mtoto wake hakulia alishukuru. Mwanamume aliyekuwa ameonja nitrati alishukuru zaidi.

Hapa pana jambo linalohitaji kufafanuliwa, kwa sababu jina linaweza kupotosha hata wataalamu. Orodha rasmi za dawa za Marekani baadaye ziliyagawa mafungu ya protini ya fedha kuwa mawili: kali na laini. Protargol iliwekwa kwenye kali, Argyrol kwenye laini. Msomaji angedhani ile kali ina fedha nyingi. Ni kinyume. Ile kali ilikuwa na fedha asilimia 8 hivi. Laini ilikuwa na asilimia kati ya 19 na 23. Kinachoua bakteria si wingi wa fedha iliyomo bali ni ioni za fedha, yaani chembe zake ndogo kabisa zenye chaji ya umeme, zilizo huru ndani ya maji, zile zinazoshika protini za bakteria na kuzivuruga. Kwenye Argyrol fedha ilikuwa nyingi lakini imefungwa kwa nguvu sana, ioni zilizotoka zilikuwa chache. Ndiyo maana haikuwasha. Na kwa sababu hiyo hiyo, wapimaji wa maabara tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 waliona kwamba uwezo wake wa kuua bakteria ni mdogo mno ukilinganisha na nitrati. Upole uliosifiwa na udhaifu uliofichika vilikuwa kitu kimoja.

Sisemi Barnes alikuwa tapeli. Nimelipima hilo na sioni haki ya kumwita hivyo. Watoto walitibiwa, madaktari makini waliitumia kwa imani njema, na katika zama zisizo na antibiotiki dawa ambayo mgonjwa anakubali kuitumia mara tatu kwa siku ina faida kuliko ile kali anayoikimbia. Ninachosema ni kwamba jina lilipata sifa haraka kuliko ushahidi, na likishakaa midomoni mwa madaktari, ushahidi ulipata kazi kubwa kulitoa.

Utajiri ulikuja upesi. Hille na Barnes waligombana, Barnes akamnunua mwenzake atoke, na mwaka 1908 akawa na kampuni yake peke yake. Kiwandani kwake Philadelphia walifanya kazi pamoja wanawake Wazungu na wanaume Weusi, jambo ambalo Marekani ya wakati ule halikuwa la kawaida. Kazi yenyewe ilichukua saa sita. Saa mbili zilizobaki katika siku walikaa na kusoma: maandishi ya mwanafalsafa William James, na mijadala kuhusu picha alizozitundika ukutani palepale kiwandani. Mwaka 1912 alimtuma Paris rafiki yake, mchoraji William Glackens, na dola 20,000 za kununua picha. Kutoka hapo hakurudi nyuma. Leo taasisi aliyoianzisha mwaka 1922, Barnes Foundation, ina picha 181 za Renoir, 69 za Cézanne, na 59 za Matisse, wachoraji wakubwa wa Ufaransa. Kila fremu pale ililipiwa na matone ya kahawia.

Na hazikuwa picha za Ulaya tu. Kupitia mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, Paul Guillaume, Barnes alinunua vinyago vya Afrika Magharibi na Kati mapema miaka ya 1920, na akavitangaza kuwa sanaa ya daraja la juu kabisa wakati majumba mengi ya makumbusho yalivihesabu kama vitu vya kuchunguza makabila. Barua zake na maandishi yake juu ya sanaa ya watu Weusi yana sauti ya mtu anayeamini anachosema. Lakini siwezi kuipita hii bila kusema: vinyago vile vilitoka katika nchi zilizokuwa chini ya wakoloni, na waliovichonga hawana majina kwenye kibao. Dawa ina jina lililosajiliwa na kulindwa mahakamani. Mchongaji aliyeiva miaka mingi kwenye kazi yake anaitwa kwa jina la kabila. Nikisimama mbele ya tofauti hiyo naumia.

Mwishoni Barnes alibadilisha kanuni za taasisi yake ili Chuo Kikuu cha Lincoln kiwe ndicho kinachoteua wengi wa wadhamini wake. Ni chuo cha Weusi huko Pennsylvania, alikosoma Kwame Nkrumah na, kabla yake, Nnamdi Azikiwe. Barnes alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1951.

Tukirudi kwenye dawa: Julai 1929 aliuza kampuni yake kwa Zonite Products kwa dola milioni 6 hivi. Miezi mitatu baadaye soko la hisa la New York likaanguka. Watu husimulia hilo kama bahati. Mimi naona zaidi ya bahati, kwa sababu mwenye jina ndiye wa kwanza kujua jina lake linaanza kuchoka. Katikati ya miaka ya 1930 zikaja dawa za salfa. Kufikia vita vya pili vya dunia ikaja penisilini. Kisonono kilichohitaji majuma ya kuingizwa dawa kwa bomba kikawa kinapona kwa sindano. Waliobaki na Argyrol walikuwa wenye mafua sugu, waliodondosha dawa puani mwaka baada ya mwaka kwa sababu daktari aliwazoesha zamani.

Baadhi yao walipata nilichokipata kidoleni, ila mwili mzima na bila kubanduka. Fedha inayomezwa au kufyonzwa kidogo kidogo kwa muda mrefu hulala kwenye ngozi, na mwanga wa jua huigeuza chembe. Ngozi inakuwa ya kijivu yenye buluu, hasa usoni na mikononi. Hali hiyo huitwa argiria, neno lenye mzizi ule ule wa Kigiriki, safari hii likiwa limeandikwa kwenye uso wa mtu. Haiui. Lakini haiondoki kwa kuacha dawa.

Naandika haya kwa Kiswahili, kwa wasomaji wa leo, kwa sababu tunaishi ndani ya majina ya biashara bila kuyaona. Mtu anaingia duka la dawa anaomba Panadol, anapewa kidonge cha kampuni nyingine kabisa, anaondoka ameridhika au analalamika kwamba "hii si yenyewe". Yenyewe ni parasetamoli, na imo katika vyote viwili. Nimemsikia mzee akikataa kidonge cha bei ndogo akaenda kukopa ili anunue cha jina kubwa, na ndani ya pakiti zote mbili miligramu ni zile zile. Si ujinga wake. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba dawa ina majina mawili. Dunia ililiona tatizo hili mapema: mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa kuipa kila dawa jina moja la kitaalamu lisilomilikiwa na mtu, na orodha ya kwanza ikatoka mwaka 1953. Jina hilo huandikwa kwenye kila pakiti. Kwa kawaida ndilo lenye herufi ndogo.

Na fedha nayo imerudi, ikiwa na majina mapya. Mwaka jana nilitumiwa kwenye simu tangazo la chupa ya "maji ya fedha" yanayodaiwa kutibu kila kitu kuanzia vidonda vya tumbo hadi virusi. Aliyelituma ni ndugu ninayempenda, aliyeogopa kwa dhati kwamba naumwa. Nilimpigia nikamweleza: Marekani, mamlaka ya dawa ilitamka mwaka 1999 kwamba bidhaa za namna hiyo za kunywa au kujipaka zinazouzwa bila cheti hazijathibitika kuwa salama wala kufanya kazi, na mwaka 2020 ikawaonya waliokuwa wakiziuza kama tiba ya korona. Akaniuliza swali zuri: basi mbona hospitalini walimpaka mwanangu dawa ya fedha alipoungua na chai? Kweli walimpaka. Ile krimu ya majeraha ya moto ni fedha iliyounganishwa na salfa, imetumika tangu mwisho wa miaka ya 1960, inakaa juu ya kidonda, kwa siku chache, mbele ya macho ya muuguzi. Hata vichujio vya maji vya udongo vinavyofinyangwa hapa Afrika Mashariki hupakwa fedha ili bakteria wasizaliane. Madini ni yale yale. Kinachotofautiana ni kiasi, mahali, muda, na nani amepima. Tukazungumza karibu saa nzima. Chupa alikuwa ameshainunua. Aliniahidi hatainywa, na namwamini.

Mapema mwaka huu dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Mkunga alimfuta, akamfunika, kisha akachukua kitubu kidogo chenye kifuniko kilichopasuka. "Mama mdogo, nishikie kichwa hapa," akaniambia. Akalivuta kope la chini kwa kidole gumba, akakamua uzi mwembamba wa manjano kutoka kona ya ndani ya jicho hadi ya nje. Halafu jicho la pili. Mtoto alikunja uso, hakulia.

"Ni nini hiyo, dada?" nikamuuliza.

"Tetra. Asije akapata ugonjwa wa macho." Akaniona bado namtazama, akanigeuzia kitubu upande wenye maandishi madogo. "Tetrasaiklini asilimia moja. Soma mwenyewe."

Nikasoma.